Shahada ya uzamili ya uuguzi: nibaki wodini au nielekee ofisini?

Muuguzi wa Mahututi ameuliza:

Wenzangu, habari za kazi. Mimi ni Afisa Muuguzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Tangu nilipohitimu shahada ya kwanza na kumaliza mafunzo tarajali nimefanya kazi miaka tisa, na sita kati ya hiyo nimeitumia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwajiri amekubali kunipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili kuanzia mwaka ujao, na nafasi hiyo sitaki kuipoteza kwa kuchagua vibaya.

Sababu ya kutaka kusoma ilinijia usiku mmoja wa zamu. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo alikuwa akipumua mara 18 kwa dakika nilipopokea zamu, na saa nne baadaye alikuwa amefika mara 28. Mkojo ulipungua, naye akaanza kujibu maswali kwa kuchelewa. Nilimpigia simu daktari wa zamu mara mbili na mara zote mbili nilisema kwamba mgonjwa hayuko sawa, nikaambiwa niendelee kumwangalia. Asubuhi alirudishwa chumba cha upasuaji akiwa na maambukizi yaliyosambaa katika damu. Alipona, lakini figo zake zilichukua wiki nyingi kurudi katika hali yake. Namba zote nilikuwa nazo kwenye chati, ila sikuweza kuzipanga zikawa hoja ambayo mtu aliyeamshwa usingizini angeshindwa kuipuuza.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Ya pili ni shahada ya uzamili ya afya ya jamii au ya uongozi wa huduma za afya, ambayo wengi kazini wananishauri kwa kuwa ndiyo inayofungua milango ya ofisi. Ya tatu ni shahada ya uongozi wa uuguzi kwa njia ya mtandao kutoka chuo cha Marekani, ambayo ningeisoma huku nikiendelea na kazi. Nina watoto wawili, na ada yote nitailipa mwenyewe. Naomba ushauri wa waliopita njia hizi.

Mhadhiri wa Uuguzi amejibu:

Dada, pole kwa usiku ule, na hongera kwa kuukumbuka kwa namna unayoukumbuka. Nimefundisha wauguzi wa shahada ya uzamili kwa miaka mingi, na mwanafunzi anayekuja na mgonjwa mmoja kichwani mara nyingi husoma vizuri kuliko anayekuja na cheo kichwani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linaeleza kwamba muuguzi wa ngazi ya kibobezi ni yule aliyeongeza ujuzi wa kina wa kitabibu na uwezo wa kufanya maamuzi magumu, na linapendekeza kwamba elimu yake isipungue shahada ya uzamili. Mwongozo huo unataja sura mbili za muuguzi wa namna hiyo. Mmoja ni mbobezi wa eneo maalumu, kwa mfano wagonjwa mahututi, saratani au afya ya akili, ambaye huinua kiwango cha huduma ya wodi nzima kwa kuwashauri wenzake, kuwafundisha na kubadilisha utaratibu wa kazi. Mwingine ni muuguzi anayempokea mgonjwa, kumpima, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kumfuatilia kwa mamlaka yake mwenyewe. Sura hii ya pili ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo kwa sababu watoto wa vijijini hawakuwa na wa kuwatibu. Afrika pia tuna mfano wa karibu, kwani Botswana ilianza kuwafundisha wauguzi wa familia wa aina hiyo katika miaka ya 1980.

Hapa kwetu sura hii ya pili imechelewa kwa sababu ambayo ni muhimu uielewe kabla ya kulipa ada popote. Nafasi ambayo Marekani ilijazwa na muuguzi, sisi tuliijaza kwa tabibu na daktari msaidizi, yaani watumishi wanaotibu bila kuwa na shahada ya udaktari. Kuanzia miaka ya 1960 nchi yetu iliwaandaa madaktari wasaidizi ambao hata upasuaji wa kujifungua wamekuwa wakiufanya wilayani. Kwa hiyo ukirudi na cheti cha kigeni kinachosema unaweza kutibu na kuandika dawa kwa mamlaka yako, utakuta muundo wa utumishi hauna kiti cha kukukalisha. Ila sura ya kwanza, ya mbobezi wa eneo maalumu, inawezekana kabisa, na ndiyo inayofundishwa katika vyuo vyetu. Muhimbili wana uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, katika afya ya akili, na katika ukunga na afya ya wanawake, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina masomo ya uzamili kwa wauguzi.

Sasa turudi kwa mgonjwa wako. Pumzi 28, mkojo kupungua na akili kuchelewa ni dalili tatu zinazosimulia jambo moja, na katika elimu ya uzamili utajifunza kwa nini zinatangulia kuonekana kabla shinikizo la damu halijashuka. Masomo matatu ndiyo mhimili wa mafunzo ya kitabibu kwa muuguzi wa ngazi hii, popote duniani: namna ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili, elimu ya dawa kwa kina, na upimaji wa mgonjwa toka kichwani hadi miguuni. Ukiyashika hayo, hutasema tena kwamba mgonjwa hayuko sawa. Utasema kwamba unashuku maambukizi yaliyosambaa, utataja namba tatu zinazokufanya ushuku, na utamweleza daktari unachotaka kifanyike ndani ya saa moja.

Kwa maoni yangu, njia ya kwanza ndiyo yako. Hata hivyo, kabla ya kuomba nafasi, omba orodha ya masomo na uhesabu mwenyewe ni wiki ngapi utakuwa wodini chini ya msimamizi anayekufundisha, maana uzamili wa kitabibu unaosomwa darasani peke yake utakuongezea karatasi tu.

Zamu ya Usiku, Leicester, amejibu:

Nimesoma kisa chako, dada, nikaweka simu chini kwa muda. Mimi nilizaliwa Mombasa na nimefanya kazi Uingereza kwa muda mrefu, na sasa ni muuguzi wa ngazi ya juu katika timu inayoitwa wodini pale mgonjwa anapoanza kuzorota. Hapa hospitali hutumia kipimo cha pamoja kilichotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017. Kila dalili hupewa alama, na kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika kunapewa alama 3 peke yake. Dalili moja ikifikisha alama 3, muuguzi anatakiwa amwite mwenye mamlaka ya kumpima mgonjwa kwa haraka, na jumla ikifika 7 ni dharura. Mgonjwa wako, kwa ile pumzi ya 28 tu, angekuwa ameshavuka mstari wa kwanza, na kule kuchelewa kujibu kukihesabiwa kuwa dalili mpya ya kuchanganyikiwa, angekuwa na 3 nyingine. Simu yako isingekuwa maoni yako binafsi dhidi ya usingizi wa mtu mwingine.

Nimeieleza habari hii kwa sababu inaonyesha ubobezi unafanyaje kazi. Uingereza tunasema kazi ya muuguzi wa ngazi hii imesimama juu ya nguzo nne, nazo ni huduma ya moja kwa moja kwa mgonjwa, uongozi, kufundisha na utafiti. Wengi hutazama ile ya kwanza tu, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2006 wauguzi waliofuzu kozi ya kuandika dawa wanaruhusiwa kuandika karibu dawa zote zilizo ndani ya uwezo wao. Ni kweli, mamlaka hiyo imebadilisha kazi yangu. Lakini nguzo ya uongozi haikufundishwa kwetu kama somo la ofisini. Tulitakiwa tuchague kasoro moja ya wodi, tuipime, tuibadilishe, kisha tuipime tena, na kazi hiyo ndiyo iliyosahihishwa. Kwa hiyo swali lako la wodini au ofisini, kwangu mimi, limegawa kitu kisichogawanyika vizuri.

Kuhusu chuo cha mtandaoni cha Marekani, naomba uwe mwangalifu sana. Programu za kule zinazomwandaa muuguzi wa kutibu hudai saa nyingi za vitendo chini ya msimamizi, na viwango vya mwaka 2022 vinataka zisipungue 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Mara nyingi pia hudai leseni ya uuguzi ya jimbo la Marekani kabla hujapokelewa. Zile za uongozi zina masharti mepesi zaidi, lakini uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo itatambuliwa, na uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga itaandikwaje katika usajili wako. Uliza kwa barua, na usilipe hata senti kabla majibu hayajafika. Nina rafiki aliyemaliza miaka miwili na deni, akarudi nyumbani, na mwajiri wake akaiweka shahada ile katika faili bila kubadilisha chochote katika kazi yake.

Muuguzi Mfawidhi amejibu:

Naomba kupingana kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka 11, kisha nikasoma uzamili wa afya ya jamii, na leo nasimamia uuguzi katika hospitali nzima. Sijutii hata siku moja.

Kipimo cha alama alichokieleza dada wa Leicester ni kizuri mno. Sasa niulizeni kinahitaji nini. Kinahitaji mashine ya shinikizo la damu inayofanya kazi katika kila wodi, kipimajoto, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, karatasi za chati ambazo haziishi katikati ya mwezi, na juu ya yote kinahitaji muuguzi ambaye hahudumii wagonjwa 30 peke yake usiku. Vitu hivyo vyote huamuliwa katika kikao cha bajeti. Nimekaa katika vikao hivyo, na kwa miaka mingi nimeona muuguzi akiingia pale na malalamiko huku mfamasia na mhasibu wakiingia na hesabu. Mwenye hesabu ndiye aliyeondoka na fedha.

Uzamili wangu ulinifundisha kusoma na kutumia ushahidi wa namna hii: mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Linda Aiken ilichapisha utafiti wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, uliohusu wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30, na kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada ya kwanza huenda pamoja na kupungua kwa uwezekano huo kwa asilimia 7. Sikupeleka kwenye kikao namba za Ulaya kama zilivyo, kwa sababu wangeniambia kwamba huku si Ulaya, na wangekuwa na haki. Nilitumia njia ile ile kuhesabu wagonjwa, wauguzi na vifo katika wodi zetu wenyewe kwa miezi sita. Tulipata wauguzi wanne wa nyongeza wa mkataba. Ni wanne tu, lakini tangu siku hiyo wodi ya upasuaji haijabaki na muuguzi mmoja usiku.

Kwa hiyo dada yangu, usiidharau njia ya pili kwa sababu tu wanaoishauri wanazungumzia milango ya ofisi. Tatizo la usiku wako lina sura ya elimu, na pia lina sura ya mfumo.

Mhadhiri wa Uuguzi amejibu:

Nakubaliana na Mfawidhi kuhusu kikao cha bajeti, na kazi aliyoifanya nitawasimulia wanafunzi wangu. Ninapotofautiana naye ni katika mpangilio. Yeye aliingia katika uongozi akiwa na miaka 11 ya wodi ya wazazi mikononi mwake, na naamini ndiyo iliyomwezesha kujua ahesabu kitu gani. Takwimu mtu anaweza kujifunza katika shahada yoyote ya uzamili, ikiwemo ya kitabibu, kwa sababu kila mwanafunzi lazima aandike tasnifu. Lakini ujuzi wa kina wa mgonjwa mahututi hautaupata katika shahada ya afya ya jamii, na ukishaondoka wodini miaka minane si rahisi kuurudia.

Kaka wa Nairobi amejibu:

Niongeze la Kenya, huenda likamsaidia. Huku wauguzi wengi hupata ubobezi kwa diploma ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, ambayo husomwa baada ya usajili wa kawaida na huchukua muda mfupi kuliko uzamili. Mimi niliisoma hiyo kwanza, kisha baadaye nikasoma uzamili chuo kikuu. Ile ya kwanza iliniwezesha kuiendesha mashine ya kupumulia bila woga. Ya pili ilinifanya niulize kwa nini wagonjwa wetu wanakaa kwenye mashine hiyo siku nyingi kuliko inavyopaswa, na namna ya kupata jibu. Ukiwa na njia fupi ya ubobezi karibu nawe, usiione kuwa ya daraja la chini.

Jambo la pili ni la uchungu kidogo. Nilipomaliza uzamili, mwajiri wangu alinirudisha katika wodi ile ile, cheo kile kile na mshahara ule ule, kwa miaka mitatu. Sikuwa nimekubaliana naye kitu chochote kwa maandishi kabla ya kuondoka. Wewe ambaye bado hujaondoka, kaa na muuguzi mkuu wako na mganga mfawidhi, waulize ukirudi utafanya kazi gani ambayo leo huifanyi, na uombe iandikwe katika mkataba ule ule wa masomo ambao utakufunga wewe kurudi kuwatumikia. Mkataba unaokufunga wewe ni haki uwafunge na wao.

Muuguzi wa Mahututi amerudi:

Nawashukuru nyote, na Muuguzi Mfawidhi shikamoo. Nimesoma majibu haya mara tatu. Njia ya mtandaoni nimeiacha. Jana, baada ya kusoma maneno ya kaka wa Nairobi, nilikwenda kwa muuguzi mkuu wetu na kumuuliza swali lile kama lilivyo: nikirudi na uzamili wa wagonjwa mahututi, nitafanya nini ambacho leo sikifanyi? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Tumekubaliana nimwandikie ukurasa mmoja wa mapendekezo. Nimeandika kwamba nitasimamia mafunzo ya kutambua mapema mgonjwa anayezorota katika wodi zote za watu wazima, na kwamba nitaitwa wodini pale alama zinapovuka kiwango, hata kama kwa kuanzia itakuwa zamu za mchana tu.

Swali langu la mwisho ni kwa mhadhiri. Je, tasnifu yangu inaweza kuwa juu ya kipimo hicho cha alama, katika hospitali yangu mwenyewe? Au itaonekana nimechagua jambo dogo?

Mhadhiri wa Uuguzi amejibu:

Si jambo dogo hata kidogo. Lakini usianze kwa kukileta kipimo cha Uingereza na kukijaribu. Anza nyuma zaidi. Chukua chati za wagonjwa waliohamishiwa kwenu mahututi kutoka wodi nyingine kwa mwaka mmoja, uangalie saa 24 kabla ya kuhamishwa, na uhesabu ni mara ngapi pumzi ilipimwa kweli na kuandikwa. Nakutahadharisha kwamba huenda ukakuta 20 imeandikwa kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, zamu baada ya zamu, kwa sababu kuhesabu pumzi kwa dakika nzima ndicho kitu cha kwanza kuachwa pale muuguzi anapozidiwa na wagonjwa. Ukikuta hivyo, utakuwa na tasnifu, na Muuguzi Mfawidhi atakusaidia kuipeleka kwenye kikao.

Omba kibali cha maadili ya utafiti mapema, kwa chuo na kwa hospitali, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza miezi. Na uhakikishe majina ya wagonjwa hayatoki ndani ya chumba cha kumbukumbu.

Muuguzi Mfawidhi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Utakapokuwa tayari kuhesabu, nitumie jedwali lako kabla hujaanza. Ongeza safu moja ya idadi ya wauguzi waliokuwa zamu saa hiyo, maana ukishafunga mafaili ya mwaka mzima, kurudi kuitafuta namba hiyo ni kazi ya mwezi.